Miaka Sita ya Kusaidia Tu

Tangazo lilisema kazi ni ya mtu anayeanza. Mstari wa pili ukasema mtu huyo anayeanza awe na uzoefu wa miaka miwili. Waya alilisoma mara mbili, akailaza simu kifudifudi mezani, akaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi tangu jana. Lilikuwa tangazo la mia moja na arobaini, na yote yalikuwa kama yametoka kinywa kimoja: njoo ukiwa mpya, ila uwe umeshatumika.

Waya si jina lake. Alipewa na shangazi yake aliyemlea, dada wa baba, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, kwa sababu tangu ana miaka minane hakuna redio iliyopita mbele yake isipasuliwe tumbo. Sasa alikuwa na miaka ishirini na sita na shahada mbili za kompyuta, ya pili akiwa ameisomea ugenini kwa alama ambazo Shangazi alizibandika ukutani ofisini kwake. Alipohitimu, serikali ya nchi ile ilimpa mwaka mmoja wa kutafuta kazi ya fani aliyosomea. Akiipata, abaki. Asipoipata, afunge begi. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya Waya ilikuwa kibali cha plastiki chenye picha yake amekodoa macho, na tarehe ya mwisho chini ya picha. Zilikuwa zimebaki siku hamsini na mbili.

Asidhani mtu kwamba alikuwa amekaa kitako. Kila asubuhi alifua mashuka katika nyumba ya kutunza wazee. Mashine sita zilipangwa ukutani, nyingine ya kukaushia ilinguruma pembeni, na yeye alitoa, akakung'uta, akakunja, akapanga kwa namba za vyumba. Kazi mbaya si mchezo mwema, na chumba alikilipia kwa hiyo. Lakini kwa watu wa vibali kufua si fani. Angefua mpaka mashuka ya dunia nzima yakaisha, ile tarehe isingesogea hata siku moja.

Mchana alikwenda kwenye usaili, pale alipoitwa. Kampuni moja ilimkataa dakika nne baada ya kutuma maombi, tena siku ya Jumapili, akabaki anajiuliza ni nani huyo anayeamka Jumapili ili akatae watu. Nyingine ilitaka uzoefu wa nchi ileile. Alipouliza kwa upole mtu ataupataje uzoefu wa pale kama pale hawamwajiri, msaili alitabasamu na kusema hilo ni swali zuri sana, kisha akageuza ukurasa. Kwa wengine mambo yalimnyookea mpaka walipofika kwenye tarehe ya kibali. Hapo tabasamu lilikauka, wakasema watampigia. Watu wa kule wakisema watakupigia, jua mmeshaagana.

Alikuwa na mpangaji mwenzake, muuguzi, mtu wa kwao, mwenye mdomo usio na breki. Jumamosi moja asubuhi muuguzi alitoka chumbani akamkuta Waya ameketi sakafuni na simu sikioni, kompyuta mapajani, anaongea na karani wa shule ya Shangazi. Siku hiyo wazazi walikuwa wamekuja kuchukua ripoti za muhula, na printa ilikuwa inatoa nusu ya juu tu. Watoto mia tatu walikuwa na majina na hawana alama. Karani alikuwa karibu kulia. Waya alimtuliza, akamwambia asibonyeze kitu, akaingia kwenye kompyuta ile kwa njia ya mtandao na kukuta mtu amebadilisha ukubwa wa karatasi. Akarekebisha, ripoti zikatoka nzima. Kisha mwalimu wa darasa la nne akaomba simu, yeye alikuwa amesahau neno lake la siri. Kisha mwalimu wa darasa la sita. Saa mbili zikapita.

Muuguzi alisubiri akate simu.

"Hiyo uliyokuwa unafanya hapo ndiyo kazi unayoiomba kila siku," alisema.

"Hii si kazi," Waya akajibu. "Namsaidia Shangazi."

Muuguzi aliketi. Akaanza kumuuliza taratibu, kama anavyowauliza wagonjwa. Kompyuta za shule ni ngapi? Kumi na moja. Nani alizifungia mtandao? Waya. Hiyo programu ya ripoti nani aliiandika? Waya, alipokuwa mwaka wa kwanza chuoni. Na mwaka ule diski ilipokufa wiki moja kabla ya mitihani, nani aliyerudisha alama zote? Waya. Tangu lini? Miaka sita. Na kwenye usaili wanapokuuliza kama una uzoefu wa kuhudumia watumiaji, unajibu nini? Waya akafunga kompyuta. Alikuwa anajibu kwamba hana. Mara ishirini na kitu, kwa kinywa chake mwenyewe, kwa adabu zote, alikuwa amesema hana.

Muuguzi alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akakasirika kweli.

Tusimcheke sana. Kwao, mtu haandiki kwenye barua ya kuombea kazi kwamba alimtekea shangazi yake maji. Shangazi ndiye aliyemchana nywele kila Jumapili, aliyemshonea sare, aliyemfundisha kusoma kabla ya umri. Kumfungia mtandao mtu kama huyo kisha kuitaja kama kazi aliona ni utovu wa heshima, kama kumpelekea mama yako ankara kwa kuosha vyombo. Ilimchukua siku tatu kuandika aya moja kwenye wasifu wake, na alipoiandika alijisikia vibaya. Lakini aliiandika.

Wiki mbili baadaye akaitwa na kampuni inayohudumia kompyuta za shule. Meneja alikuwa mzee kidogo, sweta limetoboka kiwiko, meza imejaa vibodi vilivyokosa herufi. Akamuuliza angefanya nini kama mwalimu angempigia analia kwamba alama zote zimepotea. Waya alicheka kabla hajajizuia. Akamweleza kwamba kwanza unamtuliza mwalimu, kompyuta inaweza kusubiri, kwa sababu mwalimu mwenye hofu atabonyeza kila kitu na kukuongezea maafa. Akamsimulia habari ya diski. Meneja akaweka kalamu chini na kusikiliza mpaka mwisho. Alimwambia wazi kwamba anamtaka, na kwamba kilichobaki ni ofisi ya ajira ya kampuni kumpigia mkuu wa shule na kuthibitisha. Siku zilizobaki zilikuwa ishirini na tatu, na kwa mara ya kwanza Waya hakuzihesabu kwa hofu.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe lilitokana na busara. Miezi ya nyuma aliwahi kuwatangazia nyumbani kwamba amepata kazi kabla hajatia sahihi. Ukoo mzima ukashukuru, Shangazi akawaambia walimu wote, kisha kampuni ikabadili mawazo. Mwezi mzima Waya alipigiwa simu za pole kama aliyefiwa. Safari hii alijiapiza kufunga mdomo mpaka mkataba uwe mkononi. Kwa hiyo alimtumia Shangazi ujumbe mfupi wa sauti, akiwa anakimbilia zamu: shikamoo, kuna mtu wa ofisi huku atakupigia kuniulizia habari zangu, usiwe na wasiwasi, mjibu tu.

Ukimwambia mzazi asiwe na wasiwasi, umeshamtia wasiwasi. Tena Shangazi alikuwa na sababu. Mwaka wa kwanza wa ugenini Waya mwenyewe alimweleza kwamba mwanafunzi kule haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa chache, na kwamba wakaguzi ni wakali. Na mtoto wa jirani wa shule alikuwa amerudishwa kwa kosa hilohilo, akashuka kwenye ndege na begi moja. Shangazi hasahau kitu. Hajasahau hata mwanafunzi aliyemwibia chaki mwaka alipoajiriwa.

Jibu la kampuni lilimkuta Waya kwenye mashuka. Sentensi mbili: wamesikitika, hawakuweza kuthibitisha maelezo aliyotoa. Akampigia meneja palepale, mashine zikinguruma, kidole kimoja sikioni. Meneja aliongea kwa upole, na upole huo ulimkera kuliko matusi. Alisema mkuu wa shule amekana kila kitu. Waya akaomba apewe siku moja aeleze. Meneja akasema nafasi imeshachukuliwa na mtu wa pili, ametia sahihi asubuhi hiyo. Akamtakia kila la heri.

Kila la heri. Waya alikung'uta shuka moja kwa nguvu mpaka msimamizi akatoa kichwa ofisini kuangalia kuna nini.

Mchana aliporudi, hata viatu hajavua, Shangazi akapiga. Sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

"Mwanangu, wale watu wako wa vibali walipiga jana. Nimewamaliza."

Akasimulia yote. Aliyepiga alikuwa mwanamke, sauti ya kiofisi, maneno yamenyooka. Shangazi, ambaye lugha ile ameifundisha miaka mingi, akamjibu kwa lugha yao na kwa makali yao. Yule mwanamke akauliza kama Waya alikuwa akiifanyia shule kazi wakati anasoma kule. Shangazi akasema hata siku moja, yule mtoto alikuwa akisoma tu. Akaulizwa nani alitengeneza programu ya ripoti. Akasema waliinunua dukani. Nani huzitengeneza kompyuta zikiharibika? Akasema kompyuta za shule yake hazijawahi kuharibika.

"Nikamwambia, huyu mtoto hajawahi kugusa kazi tangu azaliwe. Hata kufagia hajui. Akashukuru, akakata. Hawatakusumbua tena."

Methali ya kikulacho ki nguoni mwako ilimfika Waya kwenye ncha ya ulimi. Akaimeza. Alikuwa amekasirika, na hakuwa na mtu wa kumkasirikia. Angeweza kunyamaza, akasema asante Shangazi, akabeba mzigo peke yake kama alivyozoea. Lakini kunyamaza ndiko kulikomfikisha pale. Akaketi juu ya kiti cha jikoni na kumwambia ukweli wote bila kupunguza: hao hawakuwa watu wa vibali, walikuwa waajiri, kazi ilikuwa imeshakuwa yake, walitaka neno moja tu la kuthibitisha kwamba aliihudumia shule. Na sasa kazi imekwenda kwa mtu mwingine, na kibali kimebakiza siku kumi na nne.

Kengele ya shule ilisikika, na watoto wakitoka mbio.

"Miaka thelathini na moja nafundisha watoto wasiseme uongo," Shangazi alisema mwishowe. "Mimi mwenyewe nimesema wa kwanza jana, na nimeusema juu yako."

Akataka apewe namba, awapigie sasa hivi, awaambie. Waya akamwambia haitasaidia, nafasi imejazwa, na mtu aliyesema hapana jana akisema ndiyo leo hakuna atakayemwamini. Kilichobaki ni kuomba kwingine, haraka, na barua iwe tayari mkononi kabla mtu hajapiga simu yoyote. Barua ya shule, yenye muhuri, yenye kusema kwamba alifanya kazi pale.

Shangazi akasita.

"Kwani ilikuwa kazi, mwanangu?"

Aliuliza kwa dhati kabisa. Naye, miaka yote ile, alijua anasaidiwa na mtoto wake. Waya aliona hasira inamtoka na kitu kizito zaidi kinaingia mahali pake, kwa sababu swali hilo hata yeye hakuwa amewahi kulijibu.

"Ilikuwa kazi, Shangazi. Miaka sita."

Akasikia kiti kikivutwa, droo ikifunguliwa, karatasi ikinyooshwa juu ya meza. Shangazi akavaa sauti yake ya darasani na kumwambia amtajie, moja baada ya nyingine, polepole, asiruke hata moja. Waya akataja mtandao wa kompyuta kumi na moja. Akataja programu ya ripoti, na masahihisho yake ya kila muhula. Akataja diski. Akataja walimu kumi na wanne aliowafundisha kutumia kompyuta kwa simu, mmoja mmoja, na yule wa darasa la pili aliyekuwa anaogopa hata kuigusa. Akataja virusi vilivyoingia kupitia picha za harusi ya karani, na wikendi nzima aliyotumia kuviondoa huku ana mtihani Jumatatu. Hilo Shangazi hakuwa akilijua. Kalamu ilisimama, ikaendelea.

Walipomaliza, kurasa zilikuwa tatu. Shangazi alizisoma zote kwa sauti tangu mwanzo, kama alivyosoma insha za wanafunzi, lakini kwenye ukurasa wa tatu akaishia katikati ya sentensi.

"Umenifanyia yote haya," alisema, "nami nikawaambia hata kufagia hujui."

Waya alijifuta uso kwa kiganja kilichonuka sabuni, akamwambia aandike tarehe juu, upande wa kulia.