Mashine Isiyongoja Dua

Miaka ile biashara ilipofunguliwa na bidhaa za Dubai kujaa madukani Tanga, mwanangu alinitumia kompyuta iliyokwisha kutumika. Tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sabuni na sukari, nami nilimshukuru Mungu kwa kila kilichoingia nyumbani, hata nisichokielewa.

Ndani yake mlikuwa na mifumo miwili ya kuiendesha. Mmoja ulijua herufi za Kiarabu, mwingine ulijua Kiingereza tu, na kwa sura ilifanana. Ukiiwasha, mistari miwili ilitokea kwenye kioo ili uchague. Usipochagua upesi, mashine ilijiendea yenyewe kwenye ule wa Kiingereza. Hili la mwisho ama mwanangu hakuniambia, ama aliniambia nami sikulishika.

Sheikh wangu, aliyenisomesha tangu utotoni, alikuwa mgonjwa kule Tongoni na macho yake hayakuona tena. Alikuwa amenitamkia maelezo yake ya twahara na swala, nami nikayaandika kwa haraka kwenye mashine ile, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Haja yake ilikuwa moja: asomewe yote, asahihishe, kabla hajaitwa.

Asubuhi moja nilifungua kazi ile nikakuta vialama visivyosomeka. Nikazima, nikaswali rakaa mbili, nikawasha tena. Vilevile. Kesho yake niliwasha mbiombio kabla ya kwenda mazikoni, nikaikuta kazi nzima, safi. Niliporudi nikakaa kwa utulivu, ikavurugika tena. Nikitulia inaharibika, nikiharakisha inatengenea! Sikuthubutu kumwambia mtu fikra zilizonijia.

Nilipokwenda kumtazama, sheikh, aliyekwisha kusikia habari, aliuliza, "Mashine yako imekila kitabu changu?"

"Jana asubuhi ilikitapika, sheikh. Jioni ikakimeza."

"Basi ikitapika, wahi weye!" Akacheka mpaka akashikwa na kikohozi, na kikohozi kile kilinitia hofu.

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, alikuwa mpiga chapa ofisini mjini. Nikamwita.

"Iwashe, baba, nione."

Nikawasha. Mistari ilipotokea niliinua mikono nikasoma dua ya kufungulia somo, ile ndefu tuliyolelewa nayo chuo cha Kurani, maana hatugusi jambo la elimu bila kuitimiza. Nikapangusa uso, nikabonyeza.

"Baba, umechagua upi?"

"Wa Kiarabu."

"Hujachagua kitu. Ulipokuwa ukiomba, yenyewe imeshajiendea kwenye Kiingereza. Haijui kuitikia amin hii."

"Kwa hiyo dua ndiyo iliyoniharibia?"

"Mie sikusema hivyo, usinitoe kwenye dini! Omba kwanza, ndipo uwashe."

Nikafanya hivyo, kitabu kikatokea. Lakini vipi mifumo miwili ikae tumbo moja na huu usiweze kusoma maandishi ya mwenzake? Alinieleza mara nyingi, na hata leo sijaelewa.

Tukachapa kurasa zote, nikazipeleka Tongoni. Sheikh alisikiliza akiwa amelala. Nilipofika kwenye swala ya mgonjwa aliinua kidole.

"Hapo futa. Nilikaza mno."

Nilibaki na kalamu mkononi. Sikujua kama ni elimu iliyosema au ni maumivu, na wa kumuuliza alikuwa yeye tu.

"Umefuta?"

"Nafuta, sheikh."

Nikafuta, nikamsomea mlango uliofuata.