Nilisifu Vidonge vya Mlonge, Nikaficha Dawa ya Presha

Jumanne iliyofuata Pasaka ya mwaka jana, saa tisa mchana, dada yangu Dorka alikufa. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto, mama yetu akiwa shambani, na ndiye aliyenipokea Nairobi nilipofika bila kujua hata mahali pa kuteka maji. Mimi niliugua ugonjwa ule ule uliomuua, na mimi nipo. Naandika kueleza kwa nini mimi nipo na yeye hayupo. Sehemu ya sababu ni mimi mwenyewe.

Naishi Kawangware, upande unaopakana na Riruta. Nakaanga samaki kando ya barabara, na kazi hiyo nimeifanya miaka ishirini na miwili. Dorka aliishi Kibera, kule Sarang'ombe, pamoja na mwanawe Ochieng na mke wa Ochieng. Alikuwa akifua nguo za watu mpaka magoti yalipomkataza.

Mtu akikaa mbele ya mafuta yanayochemka miaka yote hiyo, ngozi yake huharibika. Mashavu yangu yalikuwa na mabaka meusi. Visigino vilipasuka mpaka vikatoa damu, na miguu iliniwasha nikalala nikijikuna. Vijana wanaonunua kwangu walinizoea. Mmoja alikuwa akisimama na kuuliza kwa sauti, "Mathe, leo umekaanga samaki ama umejikaanga?" Nilicheka nao. Nikifika nyumbani nilijitazama kwenye kioo, na kicheko kiliisha.

Ugonjwa wangu ulianza asubuhi moja nikiwa napasua samaki aina ya mbuta. Kisu kilianguka. Niliinama kukiokota, mkono wa kushoto ukakataa kushika. Jirani alinipa chai, chai ikamwagika upande mmoja wa mdomo kama ya mtoto mchanga. Ilichukua muda usiofika saa moja, kisha mkono ukarudi. Nilitaka kuendelea na samaki. Jirani alinivua aproni kwa nguvu akanipeleka kliniki.

Daktari alinipima mara mbili, maana hakuamini mara ya kwanza. "Mama, presha yako iko juu sana," akasema. "Hicho kilikuwa kiharusi kidogo. Kimebisha hodi tu."

Akaniandikia dawa mbili, moja ya kushusha presha na nyingine ya kutoa maji mwilini, zote za kila siku. Nikamuuliza nitazinywa mpaka lini.

"Mpaka utuzike sisi," akasema, na muuguzi akacheka.

Dawa zilifanya kazi. Lakini ile ya maji ilinitesa. Nilikojoa mara nne kabla ya saa nne asubuhi, na ploti yetu ina milango kumi na miwili na choo kimoja. Dorka naye alikuwa ameandikiwa dawa kama hizo miaka kadhaa kabla yangu. Kwake ilikuwa mbaya zaidi. Choo alichotumia kilikuwa chini kwenye mteremko, ng'ambo ya mtaro, na magoti yake hayakuweza mteremko mara nne kwa asubuhi moja. Kwa hiyo siku nyingine aliruka dawa. Hakuwa ameiacha. Nataka hilo lijulikane. Aliiruka siku moja, siku ya pili akainywa.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa kwetu wanalijua bila kuambiwa. Mtu akikuona unameza dawa kila siku, saa ile ile, hakuulizi ni ya nini. Anajijibu mwenyewe kwamba ni ya virusi, na jibu lake linazunguka ploti nzima kabla ya jioni. Mimi ni mjane. Nilijua wangesema nini kuhusu kilichomuua mume wangu. Kwa hiyo niliziweka dawa zangu kwenye mkebe wa majani chai, na nilizimeza mlango ukiwa umefungwa.

Mwenye ploti yetu ni mama wa Riruta tunayemwita Mama Shiro. Ni mtu mwema. Siku nilipomzika mume wangu, viti na sufuria zilitoka kwake. Mwaka juzi alianza kuuza vidonge vya mimea: mlonge, kitunguu saumu, manjano na mbegu za zabibu, vyote vimesagwa pamoja. Kwenye chupa waliandika kwamba ni vya moyo na ngozi kwa watu waliopita miaka hamsini. Aliniletea chupa moja akaniambia, "Mama Atieno, jaribu. Hata kama moyo hauonekani, uso tutauona."

Nikavimeza. Na dawa za kliniki niliendelea kuzimeza, nikiwa nimefunga mlango.

Baada ya miezi miwili uso wangu ulikuwa umebadilika. Mabaka yalipungua na visigino vikafunga. Niseme yote: wakati huo huo nilikuwa nimehamisha jiko ili moshi usinijie usoni, na nilikuwa najipaka mafuta ya nazi asubuhi na jioni. Sijui ni kipi kilichofanya kazi. Lakini hakuna aliyeniuliza kuhusu jiko.

Mama Shiro alikuwa na mkutano wa akina mama sebuleni kwake kila Jumamosi. Mkutano ule una desturi yake. Anayetoa ushuhuda husimama, anafungua kitambaa cha kichwa ili uso uonekane vizuri, anasema alivyokuwa na alivyo sasa, kisha wengine wanapiga makofi. Jumamosi hiyo nilisimama mimi. Kulikuwa na mashine ya presha, nikapimwa mbele ya wote, na nambari zilikuwa nzuri.

"Tuambie, unatumia nini?" Mama Shiro akauliza.

"Natumia hivi vidonge," nikasema.

"Na nini kingine?"

Nikawaona wanawake ishirini wakinitazama. Wengine walikuwa wapangaji wa ploti yetu. Nikasema, "Hivi tu."

Wakapiga makofi. Mama Shiro akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku kama bibi harusi. "Angalieni hii ngozi! Huyu sasa tutamtafutia mzee!" Wakacheka, nami nikacheka. Sijawahi kusifiwa hivyo maishani. Sitadanganya kwamba haikunifurahisha. Mtu mmoja alinirekodi kwa simu.

Baada ya siku chache Dorka alinipigia. Video ilikuwa imemfikia Sarang'ombe.

"Wewe mtoto wa mama," akasema, "umeenda kuwa msichana bila kuniambia?"

"Ni vidonge tu."

"Nimekuona. Na presha imeshuka kweli?"

"Imeshuka."

Akauliza tena, "Na zile za hospitali?"

Nilikuwa kwenye biashara, wateja wamesimama, na Mama Shiro alikuwa amekuja kununua samaki, yuko hapo mbele yangu. Ningeweza kusema nitakupigia baadaye. Ningeweza kusema kwa Kijaluo, Mama Shiro asielewe. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika, "Hata nimesahau nilizitupa wapi."

"Ashukuriwe Mungu," Dorka akasema. "Basi nami nimepumzika ule mteremko. Kesho natafuta hivyo vidonge."

Nilisikia hayo maneno. Nilielewa maana yake. Usiku nilijiambia nitampigia kesho nimweleze, na kesho samaki walichelewa kufika, nikachelewa nao. Halafu ikawa vigumu zaidi kwa sababu siku zilikuwa zimepita. Ndivyo uongo ulivyo. Siku ya kwanza ungeweza kuufuta kwa mkono, siku ya kumi unahitaji jembe.

Ijumaa Kuu tulionana kanisani. Alikuwa amependeza. Ngozi ilikuwa laini, na alikuwa amevaa kitambaa cha kijani. Nilitaka kumwambia pale nje. Akanitangulia, "Sijashuka kule chini asubuhi miezi mitatu sasa. Umeniokoa." Nikanyamaza.

Jumatatu ya Pasaka alilalamika kichwa. Jumanne asubuhi alitapika, akasema haoni vizuri, akaanguka karibu na kitanda. Ochieng na majirani walimbeba kwenye blanketi hadi mahali gari linapoweza kufika. Nilipofika hospitali alikuwa anapumua kwa kukoroma, jicho moja limefunguka na halinitazami. Nilimshika mkono. Ulikuwa wa moto. Daktari alituambia mshipa umepasuka kichwani.

"Alikuwa anatumia dawa za presha?" akauliza.

Ochieng akasema ndiyo, akarudi nyumbani kuzileta. Alirudi na mfuko wa plastiki. Ndani kulikuwa na chupa ya vidonge vya mlonge iliyobakiza vichache, na pakiti za dawa za kliniki za miezi mitatu, hazijafunguliwa.

Daktari alizigeuza mkononi. "Nani alimwambia aache?"

"Hakuna mtu," Ochieng akasema. "Mama alikuwa anajiamulia mwenyewe."

Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo. Saa tisa dada yangu alikata roho.

Tulimpeleka nyumbani tukamzika. Niliporudi Kawangware nilifungua ule mkebe, nikautazama, nikaufunga. Sikuamua kufa. Niliona tu kwamba sistahili kumeza kitu ambacho nilimnyima. Nikaacha dawa zote, za kliniki na za mimea.

Mwili haukungoja. Baada ya wiki chache miguu ilivimba mpaka viatu vikakataa. Ukibonyeza kwa kidole, shimo lilibaki. Nilishindwa kulala chali, nikalala nimekaa, nimeegemea ukuta, nikikohoa povu. Kutembea kutoka mlangoni hadi bombani nilipumzika mara mbili. Jirani yule yule alinikuta nimekaa chini kando ya bomba, midomo imebadilika rangi.

Nililazwa siku kumi na moja. Walinichoma sindano, wakanipa oksijeni, wakanitoa maji mwilini mpaka nikajiona nimepungua kama nguo iliyofuliwa. Siku ya nne muuguzi mmoja, mwanamke wa umri wangu, aliniletea dawa. Nikageuza uso.

"Mama, unataka kumfuata nani?" akauliza.

Sikumbuki kumwambia nimefiwa. Nikalia, na nikamwambia yote, kuanzia sebuleni kwa Mama Shiro hadi mfuko wa plastiki. Alisikiliza amesimama na kikombe cha maji. Nilipomaliza hakunifariji. Alisema, "Ukifa hutakuwa umesema ukweli. Utakuwa umenyamaza tena." Akaninyooshea kikombe. Nikameza.

Namshukuru muuguzi huyo. Namshukuru jirani aliyenibeba mara mbili, na daktari aliyeniambia moyo wangu umechoka lakini bado unafanya kazi. Leo natembea. Nimerudi kwenye samaki, nusu siku. Chumvi nimepunguza. Nakula mboga, terere na sukuma wiki, na hiyo ndiyo mimea yangu sasa.

Nilipopata nguvu nilienda Riruta kumwomba Mama Shiro anipe nafasi Jumamosi nisimame tena. Alinisikiliza getini.

"Lakini mimi sikukuambia uache za hospitali," akasema.

"Hukuniambia."

"Sasa mbona unataka kuniharibia jina?"

"Sitataja vidonge kwa ubaya. Nataka kusema nilidanganya."

Akatazama nyuma, kama anaogopa kusikika. "Mama Atieno, hata mimi nameza za presha. Tangu Shiro azaliwe." Kisha akasema Jumamosi hiyo kuna wageni, labda siku nyingine. Siku nyingine haijafika. Ndiyo maana naandika.

Kwenu mnaosoma, sitasema vile vidonge ni sumu, kwa sababu sijui. Ngozi ya dada yangu ilikuwa nzuri siku aliyokufa. Ngozi haisemi kinachoendelea ndani ya mishipa. Ukitaka kumeza kitu cha mimea, kipeleke kliniki na chupa yake, wakione. Dawa ikikusumbua, ikikukojoza, ikikuvimbisha miguu, waambie. Muuguzi alinieleza kwamba zipo nyingine, na kwamba hata saa ya kumeza inaweza kubadilishwa. Dorka hakuwahi kuuliza, na mimi sikuwahi kumwambia aulize. Na ukisimama kutoa ushuhuda, useme vyote ulivyomeza. Kuna mtu anasikiliza ambaye maisha yake yanategemea ile sehemu unayoiacha.

Lilibaki jambo moja, kumwambia Ochieng. Niliogopa kuliko nilivyoogopa hospitali. Ndugu niliyebaki naye mjini ni yeye. Mwezi uliopita nilimwita kwangu. Alikuja baada ya kazi, akaketi, nikamwekea chai. Nikamwambia kwamba mama yake hakujiamulia mwenyewe. Aliniuliza mimi, na nilimjibu uongo, na dawa zangu zilikuwa kwenye mkebe.

Hakugusa kikombe. Chai ilifanya utando juu.

"Mama mdogo," akasema mwishowe, "kwa nini hukuniambia pale hospitali?"

"Niliogopa."

"Siku ya mazishi?"

"Niliogopa."

Akasimama, akavaa koti lake, akatoka. Hakupiga mlango. Aliufunga polepole.

Wiki tatu sikumsikia. Sikumpigia, kwa sababu niliona si haki yangu.

Jumapili hii asubuhi simu ililia, ni yeye. Hakunisalimia.

"Umemeza dawa?" akauliza.

"Nimemeza."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

"Sawa," akasema, akakata simu.