Nukta Mbili Kwenye Bamba

Kati ya fundi viatu na duka la fotokopi palikuwa na chumba chembamba kama soksi, na ndani yake alikaa mwanamke aliyechonga majina ya watu wengine mpaka la kwake likasahaulika. Mtaa mzima ulimwita Mama Vibao, ukamaliza. Alichonga vibao vya milango ya madaktari na mawakili, vibao vya makaburi, na vibao vya "Mbwa Mkali" kwa nyumba ambazo hazijawahi kufuga hata paka. Mashine yake ilikuwa na mikono miwili: mmoja aliufuatisha juu ya herufi kubwa za shaba, na wa pili, wenye sindano ngumu, ukaikata herufi ile ile kwa udogo kwenye bamba. Sindano ikigusa chuma ilitoa mlio mwembamba, mkali, wa kusaga meno. Wateja waliziba masikio. Fundi viatu wa jirani alikuwa akigonga ukuta kwa nyundo na kusema, "Mama, mzike huyo, amekufa siku nyingi!"

Kwa hiyo kama kuna mtu katika familia ile aliyetarajiwa kuharibikiwa na masikio, basi ni yeye.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilitoka kwa kaka yake mkubwa, ambaye wapiga gitaa walimwita Mngurumo. Huyo alitengeneza amplifaya za gitaa nyumbani kwake, katika chumba cha uani, kwa vipuri vya redio zilizokufa na mbao za makabati yaliyovunjika. Amplifaya ilipokamilika ilikuwa haina uso: sanduku, spika, na mbele vitufe vya kuzungusha visivyosema chochote. Uso ulitoka kwa dada mtu. Alikata bamba la alumini, akalitoboa, akalipiga tupa kingo mpaka likawa laini kama shavu, akachonga maneno, akayajaza rangi na kuifuta iliyozidi kwa kitambaa chenye spiriti. Maneno aliyachagua kaka, naye hakutaka ya kigeni. "Mpiga gitaa wangu akiwa jukwaani gizani," alisema, "asome lugha anayoiota." Kwa hiyo bamba liliandikwa SAUTI, NENE kwa mlio wa chini, NYEMBAMBA kwa mlio mkali wa juu, na MWANGWI.

Namba hazikuwepo. Kaka alizidharau namba. Badala yake, kando ya kila kitufe, palikuwa na nukta moja nyekundu. Akimaliza amplifaya, Mngurumo aliipiga na kuisikiliza kutwa nzima, akizungusha huku na huku kama mtu anayeonja chumvi, mpaka apate mahali inapoimba vizuri kupita pote. Hapo ndipo nukta ilipokaa. "Zungusha mpaka kwenye nukta," aliwaambia wapiga gitaa, "utanikuta hapo hapo." Kuna wanamuziki waliozibeba amplifaya zile mpaka kwenye kumbi za nchi wasizojua hata kuomba maji kwa lugha zake, na wakipotewa na sauti walirudisha vitufe vyote kwenye nukta na kujiona wamefika nyumbani.

Vipimo alivileta kwenye kadibodi ya boksi la viatu: matundu yamekatwa, nukta zimewekwa kwa penseli. Dada mtu alinakili, na kadibodi akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, maana wanamuziki ni watu wa kuvunja vitu.

Siku moja aliletewa bamba lililopondwa na lori wakati wa safari, akashusha bunda zima la kadibodi kutafuta ya bamba hilo. Akazipanga, akazisimamisha dhidi ya dirisha ili mwanga upite kwenye matundu. Matundu yalikaa sawa, kwa kuwa kaka hakuwahi kubadili mpangilio. Nukta za SAUTI zilikusanyika pamoja kama vifaranga. Za NENE pia. Lakini za NYEMBAMBA zilikuwa zimetembea. Kadibodi kuukuu zilikuwa na nukta karibu na katikati. Zilizofuata zikasogea kidogo kulia, upande wa kuongeza. Za karibuni zikasogea zaidi, mguu mmoja mmoja, kama sisimizi wanaohama. Alisimama pale mpaka mkono ukafa ganzi. Kisha akajiambia kwamba vijana wa siku hizi wanapenda sauti kali, akarudisha bunda msumarini.

Jumapili yake alikwenda kwa kaka. Wifi yake alikuwa uani akianika nguo, na jikoni, mlango wazi, birika la chai lilikuwa linapiga filimbi ya kuomba msaada. Mngurumo alikaa hatua chache tu kutoka jikoni, ameinamia redio iliyofunguliwa tumbo, ametulia kabisa.

"Unamwona mwenzio?" wifi alisema akikimbilia jiko. "Birika linalia kama mtoto wa kambo, yeye ametulia kama hakimu."

"Labda anasubiri mwanamke wa nyumba, wifi."

"Eti! Kaka yako anasikia anachotaka. Nong'ona kwamba chakula kiko mezani, atakuja mbio kutoka barabarani. Mwambie paa linavuja, ooh, masikio yana nta!"

Wakacheka, wakapigana viganja. Lakini Mama Vibao hakukimaliza kicheko chake. "Na kengele za baiskeli?" aliuliza. "Ndege asubuhi?"

Wifi alishusha birika taratibu. "Wifi yangu," alisema, "usianze."

Haukupita muda, akaingia kibandani kwa Mama Vibao mpiga gitaa mmoja mrefu anayeitwa Kidole, mteja wa kaka tangu ujana. Alifunga mlango nyuma yake, jambo ambalo watu hawafanyi katika chumba chembamba kama soksi.

"Mama, nisikufiche. Amplifaya mpya ya mzee inakata. Nikiiweka kwenye nukta, watu wa meza za mbele wanashika meno."

"Umemwambia?"

"Mimi? Mdomo huu huu nilioulisha kwa kazi ya mikono yake?" Alitazama sakafu. "Wenzangu wameanza kuzungumza. Wanasema wataenda kununua za dukani. Mama, mzee akisikia hilo atakufa amesimama."

Hilo dada mtu alilijua vizuri. Kaka yake hakuwa na kiburi cha mavazi wala cha maneno. Kiburi chake chote alikiweka kwenye zile nukta. Kumwambia nukta zake hazifai ilikuwa sawa na kumwambia hayupo.

Kadibodi iliyofuata ilipofika, aliilaza juu ya bamba, akaishika sindano, na pale kwenye NYEMBAMBA akaisogeza nukta kushoto, ikarudi mahali ilipokaa miaka ile. Upana wa punje ya mchele. Alijaza rangi, akafuta, akampelekea kaka naye akalifunga kwa skurubu nne bila kulitazama mara mbili, kama mtu anavyojibandika kofia yake mwenyewe.

Ikafaa. Wapiga gitaa walirudi, wakisema mzee amerudi kwenye enzi zake. Mngurumo alipita kibandani akitembea kama bwana harusi. "Nilikuwa nimepoteza kitu kidogo," alimwambia dada yake, "nimekipata." Dada mtu akainamia tupa, akapiga kingo iliyokwisha kuwa laini. Kila bamba jipya lilidai uongo mrefu kidogo kuliko lililopita.

Kilichoharibu ni fyuzi. Mwanamuziki mmoja alirudisha amplifaya iliyoungua fyuzi, kitu cha kubadilisha huku unapiga soga. Mngurumo akabadilisha, na kwa kuwa ilikuwa imepita miezi, akataka kusalimiana na kazi yake. Akapeleka vitufe vyote kwenye nukta, akapiga uzi wa gitaa.

Ilikuwa imekufa. Ilimjia kama mtu anayeimba chini ya blanketi.

Akaifungua. Akakagua kila kiungo, akakuta hakuna kasoro, na hilo likamtisha zaidi. Akayeyusha risasi ya kuungia waya, akang'oa vipuri vizima na kuweka vingine, akasikiliza tena: blanketi lile lile. Akaichukua nyingine aliyoimaliza juzi, akaipeleka kwenye nukta zake. Blanketi. Wifi alisema baadaye kwamba alimkuta amekaa chini katikati ya waya, anaiangalia mikono yake pande zote mbili, kama mtu aliyerudishiwa mikono isiyo yake.

Siku iliyofuata alikuja kibandani na sanduku kifuani. Aliliweka juu ya meza. Matumbo yalikuwa nje, na mbele bamba la dada yake linang'aa.

"Mdogo wangu, mimi basi."

"Basi nini, kaka?"

"Mkono umekufa. Nilizoea kusema mkono wangu haujui kukosea, sasa haujui kitu kingine." Alijaribu kutabasamu. "Nimemwambia wifi yako atafute wa kuchukua vyombo. Kuna kijana anayefanya redio za magari, atavitaka."

"Kaka, subiri kidogo."

"Nisubiri nini? Nimewauzia watu masanduku mabovu, na wao kwa heshima wakanisifu! Wamenisifu, unasikia? Wamenihurumia!"

Wakati anasema hayo macho yake yalikuwa yanatazama mdomo wa dada yake, si macho yake, na ndipo Mama Vibao akaelewa kwamba kaka amekuwa akisoma midomo ya watu kwa muda mrefu. Angeweza kunyamaza. Kaka angeondoka bila kujua habari za masikio yake, ila angeondoka bila mikono. Akapiga moyo konde.

"Mkono wako mzima," alisema polepole, uso kwa uso. "Nukta niliihamisha mimi."

"Uliihamisha?"

"Nikaihamisha na nyingine, na nyingine."

Dada mtu alishusha bunda nyuma ya mlango, akazisimamisha kadibodi dirishani, mwanga ukapita. Kaka aliweka kidole kwenye nukta ya kwanza ya NYEMBAMBA, akakisogeza kwa ya pili, ya tatu, akaenda nacho kulia mpaka ya mwisho. Akarudi katikati, akasimama kwenye moja.

"Hii ilipigwa kwenye harusi ya binti yangu."

"Ndiyo."

"Ilikuwa imeshaanza?"

"Ilikuwa imeshaanza, kaka."

Alikaa juu ya kigoda cha wateja. Nje fundi viatu alikuwa anagonga kisigino. "Birika la nyumbani," Mngurumo alisema. "Linalia?"

"Linalia."

"Siku zote?"

"Kila chai."

"Mimi nilidhani wifi yako amenunua lisilolia." Akacheka, kicheko cha kweli, kikamkatikia njiani. Alipoinuka hakuwa anacheka. "Sikio Mungu amelichukua, sawa, si mali yangu. Lakini mkono ulikuwa wangu. Huo umenichukulia wewe."

Akabeba sanduku lake, akaondoka.

Muda mrefu hakuna kadibodi iliyokuja. Mama Vibao alichonga daktari wa meno, akachonga marehemu wawili, akachonga mbwa mkali. Mwishowe alikuja wifi, ameshika kadibodi kwa ncha za vidole kama sahani ya moto.

"Kaka yako anasema vyombo haviendi popote. Na anasema hivi, nami nimekariri ili nisikosee: hapo kwenye nyembamba uweke nukta mbili. Yake iwe pale pale alipoiweka, usiiguse. Ya pili nenda ukasikilize na Kidole, muiweke nyinyi mnaosikia."

"Zote nyekundu?"

"Yenu nyekundu. Yake isitiwe rangi. Chonga tu."

Ndivyo mabamba ya Mngurumo yalivyokuwa tangu siku hiyo. Nukta nyekundu kwa macho ya wote, na kulia kwake kishimo kisicho na rangi, ambacho hukioni mpaka ukipapase kwa kidole. Wageni waliuliza ni hitilafu gani ile. Kidole aliwajibu, "Hapo ndipo alipo fundi," na akabadilisha mazungumzo.

Kila kadibodi mpya ilizitenganisha nukta zile kidogo zaidi.

Kisha kaka akaleta moja kwa mkono wake. Dada mtu aliilaza juu ya bamba, akaona kwamba kishimo kimefika mwisho kabisa, pale kitufe kinapogota na hakizunguki tena. Alimtazama. Kaka aliitikia kwa kichwa: hapo hapo.

Akawasha mashine. Sindano ikagusa alumini. Mteja aliyekuwa mlangoni akaziba masikio, na nyundo ya fundi viatu ikagonga ukuta. Mngurumo alisogea karibu, akaweka kiganja mezani palipokuwa panatetemeka, ameinamisha kichwa kama mtu anayesubiri mgeni.

"Leo mashine yako imetulia," alisema.

Dada mtu aliinua sindano, akamgeuzia uso ili auone mdomo.

"Haijatulia, kaka," alimjibu. "Inalia kama zamani."