Kopo Nililokabidhiwa Uwanjani

Tangu Jumamosi nakwepa hata kupita Maisaka, ulipo uwanja wetu. Mimi, katibu mzima wa klabu yetu ya kriketi hapa Babati, sina uso.

Wageni wetu kutoka ng'ambo walikuja na bibi mmoja anayejua Kiswahili. Nilimpa shikamoo, naye akanikabidhi kopo la majivu. "Tunza, mwanangu. Ni ya uwanja huu."

Chokaa ilikuwa imetuishia, na tangu shule ya msingi mistari ya uwanja tunaichora kwa majivu ya jikoni. Nikajisemea, wazungu wamejipanga kweli, hadi majivu wamebeba! Nikachora mistari yote, kopo nikalisuuza.

Mechi ikachezwa, vumbi likatimka. Wakati wa chai bibi akasimama, wageni wakavua kofia. Akasema marehemu mumewe alifundisha hapa, ndiye aliyeanzisha klabu hii, na aliusia achomwe, majivu yake yazikwe katikati ya uwanja.

Akaninyooshea mikono. Nikampa kopo.

Akachungulia ndani, kisha akaitazama ile mistari, ilivyokanyagwa na timu zote mbili.

"Mwanangu," akaniuliza taratibu, "mzee wangu yuko wapi?"