Wakorea Chini ya Uchunguzi
Nilikuwa nasukwa, vita vikinguruma redioni na vijana wa Korea wakicheza kwenye video, chef, mkuu wa askari wa kizuizi cha barabarani pale Base, alipoingia. Nywele zilikuwa kisingizio. Sote tulifuata Wakorea. Chef akakunja uso, akamgeukia msusi.

“Mama, bote banageuka mara moya. Hii iko mazoezi ya jeshi! Leta kaseti.”

“Chef, ile kaseti njo inaniletea bantu. Na askari gani anavaa suruali ya kung’aa, anamulilia mwanamuke mu mvua?”

“Njo ujanja yabo. Tutachunguza.”

Televisheni nayo ikachukuliwa, kama shahidi. Msusi bado anangoja, viti vitupu. Ila Jumamosi niliwaona askari wa kizuizi wakigeuka wote pamoja, kiuno mbele. Tangu vita vianze, ndiyo mara ya kwanza wamekubaliana upande wa kuelekea.