Maiki Niliyoifunga kwa Nta

Ndugu zangu, mimi ni mzee wa kanisa hapa Sikonge, nimeombea wagonjwa na kuzika wafu, lakini jambo hili nilikuwa sijapata ujasiri wa kulisimulia, kwa kuwa waliolisikia siku ile ni wengi kuliko wanaojaa kanisani kwetu, nami ndiye niliyewapelekea habari kwa mkono wangu.

Nina redio ya upepo, ile ya kusema na kujibiwa, na leseni yake ninayo (naipenda tangu ujana, namshukuru Mungu kwa kunipa marafiki ambao wengine sura zao sizijui). Kila asubuhi wazee wa redio tunajuliana hali hewani. Tatizo lilikuwa maiki yangu ya mkononi. Mzee Kapela wa Urambo hakuchoka kunichokoza: "Mzee mwenzangu, leo tena unaongea ukiwa ndani ya mzinga?" Nilivumilia, ila kijana wake alipotaka kumwoa binti yangu Tabitha, na mshenga akapangiwa kuja Jumamosi, nikaona si heshima baba mkwe kusikika kama nyuki.

Desturi yetu ni kwamba siku ya kwanza upande wa binti haucheki. Mnapokea, mnasema mtafikiri, mshenga anarudi na vumbi lake. Tabitha (ni mwalimu kule Puge, alikuwa amekuja nyumbani kwa siku hiyo, na maneno ya watu kwamba amechelewa kuolewa yamemchosha) aliniomba jambo moja tu: "Baba, chonde, usinifanye nionekane wa kutupwa." Nikamwambia, "Mwanangu, nitakuwa jiwe."

Basi Jumamosi asubuhi nikaifungua maiki, nikatoa sponji iliyooza, nikapanua tundu la mbele, nikachomelea kinasa sauti nilichokitoa kwenye simu mbovu, na kwa kuwa hakikukaa vizuri nikakishikiza kwa nta ya nyuki (huku kwetu tunaziba kila kitu kwa nta, hata ndoo). Nta ikiwa bado laini nikafunga, nikabonyeza kitufe cha kusemea, nikasema haloo, nikatoa kidole, nikasikiliza. Kimya. Nikadhani wenzangu wamekwenda shambani. Kumbe nta ilitiririka mpaka kwenye kitufe ikakigandisha kikiwa kimebonyezwa, na redio inayosema haisikii.

Nikaiweka mezani, nikamgeukia Mama Tabitha aliyekuwa anakoroga uji. "Mke wangu, nitanunaje mbele ya mshenga wakati moyo unacheza? Hata wakija mikono mitupu nitamtoa binti, tena nitamsindikiza mwenyewe mpaka Urambo."

"Baba Tabitha, ficha hayo meno kwanza."

Nikacheka, nikapiga magoti, nikamshukuru Mungu kwa sauti yote, nikamtaja Kapela kwa jina, nikamwomba Bwana asiwageuze nia, kisha nikaimba (na sauti yangu ya kuimba mnaijua), kisha nikakumbuka kwamba Tabitha ndiye anayenisomea Neno akija likizo, macho yangu yanavyofifia, nikalia.

Simu ikaita. Alikuwa Kapela. "Mzee mwenzangu," akasema taratibu, na nyuma yake nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema haloo, "maiki imekuwa safi sana. Hata mwiko wa mama kwenye sufuria tumeusikia. Sasa achia kitufe, Kigoma wanauliza harusi ni lini."

Tabitha alikuwa amesimama nyuma yangu, ameyasikia yote. Aliingia chumbani akafunga mlango, na furaha yangu yote ikawa jivu.

Alasiri mshenga alifika kwa pikipiki, na nyuma yake ameketi Kapela mwenyewe, mwekundu kwa vumbi. Baba wa kijana haji siku ya kwanza. Akija, ni kama amekuja kuomba kwa magoti. Nikakunja uso, nikasema, "Tumewasikia. Tutafikiri."

Mshenga akatazama chini asicheke. Aliyejibu ni Kapela, kwa sauti ya kufika chumbani: "Fikirini, mzee, hata mwaka mzima. Kwangu tumemwombea binti huyu siku nyingi, ila maiki yetu ilikuwa imezimwa, hakuna aliyesikia. Ndiyo maana nimekuja kusema kwa mdomo. Sisi ndio tunaomtaka."

Mlango ukafunguka. Tabitha akatoka, akapiga goti mbele ya Kapela, akamwambia, "Shikamoo, baba," kisha akaenda kuwaletea wageni maji, na mimi jiwe nikalia mara ya pili.

Harusi imepita, Mungu ni mwema. Nta nimeikwangua, na sauti yangu bado inasifiwa. Ila nikitaka kusali sasa, kwanza nachomoa waya wa maiki, kwa maana Bwana hunisikia bila hiyo, na Kigoma si lazima.