Nimefuta diski ya mke wangu, lawama kabebeshwa injinia

Admin, nifiche vizuri, maana Wete nzima wananijua. Mie ni mwanamme wa miaka arubaini na mbili, fundi wa kompyuta hapa Jadida. Skuli niliishia kidato cha pili, lakini nimekaa Maskati, nimekaa Dubai, na nimefungua mashine ambazo wasomi wanaziogopa. Sura nnayo pia, ila hilo tuliache.

Msomi wa nyumba ni mke wangu. Anashirikiana mtandaoni na watu wa nchi mbalimbali wanaoandika mfumo wa kompyuta wa bure. Sehemu yake iko ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo: anabuni amri ambazo programu zitampa draiva wa diski, yaani kile kiprogramu kinachoiendesha diski. Nipe joto lako. Nambie afya yako. Lala. Futa kila kitu. Mwenzake kwenye kazi hiyo ni injinia mmoja wa Arusha. Hawajawahi kuonana, na bado simpendi.

Wakipigiana simu namsikia: "Dada, hapa umefikiri kweli kweli." Mke wangu anacheka mpaka anashika mbavu. Mie nikimhadithia Dubai anapiga miayo. Siku moja nikamuuliza, "Hivyo diski ina kichekesho gani?"

Akanijibu, "Fundi, weye una wivu mpaka na chuma!"

Basi juzi alasiri akaenda khitmani Chake Chake. Ile mashine yao ya majaribio ipo sebuleni, na injinia huiingia kwa mtandao kutoka kwao Arusha. Nikasema leo nasoma wanachoandikiana. Nikaingia kwa akaunti ya mgeni, aliyonipa mke wangu nichezee karata. Ujumbe wao ukakataa kufunguka. Nikapandwa na hasira, nikafungua kiprogramu chao cha kujaribia amri, nikabonyeza "futa". Wallahi nilijua itanikatalia, mgeni mie! Haikunikatalia. Diski ya majaribio ikawa nyeupe, na vipimo vya wiki tatu vimekwenda.

Mke wangu aliporudi nilikuwa nakata muhogo jikoni, mtu mwema kabisa. Nikamsikia kwenye simu na injinia: "Kaka, mgeni anasoma tu. Wenye ruhusa ya kufuta ni mie na wewe. Mie nilikuwa khitmani."

"Dada, naapa sijagusa."

"Basi ilijifuta yenyewe? Muongo simtaki kwenye kazi yangu." Akakata.

Jamani, sitawadanganya, muhogo ule ulikuwa mtamu.

Lakini mie ni fundi. Nililala na kitu kile kichwani, na asubuhi nikaelewa. Mlango wao wa amri unamuuliza mtu wakati wa kuingia tu: unakuja kusoma? Pita. Ukishapita hauulizi tena, hata uagize kufuta. Ilitakiwa kila amri iulizwe ruhusa yake. Kosa hilo mke wangu halijui, kwa sababu anaamini aliyefuta ana ruhusa. Na Jumamosi anaituma kazi yake kwa wenziwe, ina jina lake. Ikiingia kwenye mashine za watu, mgeni yeyote, hata mwenye akili ndogo kuliko mie, anaweza kumfutia mtu kazi ya maisha.

Nikisema, itabidi niseme nilijuaje. Atajua nilimpekua, injinia atarudi na kicheko chake, na mie nitakuwa mwizi ndani ya nyumba yangu. Nikinyamaza, nimemuangamiza mwanamke ninayempenda kuliko roho yangu, na yule mtoto wa watu wa Arusha, ambaye sasa namuonea huruma, anabaki muongo.

Jana mke wangu kanikalia karibu, macho mekundu. "Fundi, sina tena wa kunikagulia. Nikagulie weye." Halafu akanionesha ukurasa wa shukrani wa kazi yake. Jina la injinia kalitoa. Pale pale kaweka langu.

Miaka yote nilitaka jina langu likae pale. Sasa silali. Leo Alkhamisi. Ndugu zangu, nishaurini, nimwambie vipi?